Nafasi ya 4 kati ya 63

Januari 2023, Baraza la Mitihani la Tanzania (NECTA) lilipotangaza matokeo ya kidato cha nne, watu waliisubiri orodha ya kumi bora wasiione. Baraza lilikuwa limeamua kuacha kutaja wanafunzi na shule zilizoongoza, kwa hoja kwamba watahiniwa hawasomi katika mazingira yanayofanana na kwamba kuzitaja shule ni kuzitangazia biashara. Mjadala ukawaka, ila ulihusu vijana wakubwa. Huku chini, chekechea na darasa la kwanza, ripoti za muhula ziliendelea kutoka na ule mstari ambao mzazi huutafuta kabla ya mingine yote: nafasi ya 4 kati ya 63. Swali ni kama mstari huo unamfaa mtoto mdogo, au unamjaza majivuno asiuone uwezo wa wenzake.

Tusimcheke mzazi huyo. Alama 78 peke yake haimwambii kitu, maana huenda mtihani ulikuwa mwepesi na darasa zima limepata 90. Halafu kuna hoja nzito zaidi ya kuitetea nafasi. Mtoto wa mama ntilie akimpita mtoto wa meneja, karatasi ile inakuwa mahali pamoja ambapo hakuna wa kumwambia ajue kwao. Sisi tunaopenda kuhubiri unyenyekevu tunasahau kwamba baadhi ya watoto, wa kike hasa, wamehubiriwa huo tangu wanaanza kutembea. Msichana anayelijua jibu na hanyooshi kidole asije akaambiwa ana kimbelembele, huyo anaogopa tu. Akisifiwa kwa upole wake, tunausifu woga.

Lakini upande wa pili nao una ushahidi wake. Wahenga walishasema mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na watafiti wameikuta tabia hiyo kwa watoto. Mwaka 1998 Claudia Mueller na Carol Dweck, huko Marekani, waliwasifu baadhi ya watoto wa darasa la tano kwa akili zao na wengine kwa bidii. Kazi ilipokuwa ngumu, waliosifiwa akili walikata tamaa mapema, na wengi zaidi miongoni mwao walidanganya walipoulizwa wamepata ngapi. Mwaka 2015 ukatoka utafiti wa Uholanzi ulioongozwa na Eddie Brummelman, uliowafuatilia watoto 565. Wazazi walioamini mtoto wao ni bora kuliko wenzake walikuza majivuno. Wale waliomwonyesha upendo tu walikuza kujiamini.

Matokeo hayo ya Uholanzi ndiyo yanayonishawishi zaidi, kwa sababu yanatenganisha vitu viwili ambavyo ripoti ya shule huvichanganya. Mtoto anaweza kujiona ana thamani bila kuambiwa amewazidi akina nani. Kwa hiyo hofu kwamba tukiondoa nafasi tutamvunja moyo, kwa umri huu, naiona ndogo.

Hata hivyo, kufuta mstari kwenye karatasi hakumfundishi mtoto kuiona nguvu ya mwenzake. Wala mahubiri hayafundishi. Mwambie wa darasa la pili amsifu jirani yake, atakwambia "Neema ni mzuri" na ataishia hapo.

Kaangalie rede wakati wa mapumziko. Wawili wanasimama ncha mbili wakirusha mpira wa soksi. Walio katikati wanakwepa, huku mmoja wao akijaza mchanga kwenye chupa. Yule aliyeshika nafasi ya 58 anakwepa hata mpira wa kuviziwa, kiuno kimekatika upande mmoja na kichwa upande wa pili, na timu nzima inamtegemea ili chupa ijae. Wakati wa kugawana timu anagombewa, na wa kwanza darasani ndiye anayepiga kelele kuliko wote kwamba awe upande wake. Hakuna aliyemwagiza amheshimu. Anamhitaji.

Tatizo ni kuupeleka uhitaji huo ndani ya darasa. Kazi za vikundi zipo, ila nyingi mjuaji mmoja anaandika na wengine wanamshikia rula, kisha wote wanapata alama sawa. Hapo mjuaji anajifunza dharau na wengine wanajifunza kutegea. Mwalimu mwenye watoto 80 na chaki moja simlaumu. Nafasi ni kipimo cha bei rahisi, na kumjua kila mtoto anaweza nini kunataka muda ambao hajapewa.

Ningekuwa na sauti, ningeondoa nafasi hadi darasa la tatu na kubakiza alama. Darasa la nne kuna upimaji wa kitaifa, na ushindani wataukuta huko wakiwa wamekomaa kidogo. Pale palipokuwa na namba, mwalimu aandike mstari mmoja: mtoto huyu wenzake humfuata kwa jambo gani. Shule binafsi ndizo zitakazolalamika zaidi, na zina haki, kwa sababu mzazi akiikosa namba muhula huu, muhula ujao anahamia shule ya jirani inayoitoa. Ndiyo maana jambo hili haliwezi kuachiwa mwalimu mkuu mmoja mmoja aliyejitolea. Litoke wizarani, lizihusu shule zote, na lianze kote katika muhula uleule.