Vikope Kongwa: tochi mkononi au kipimo cha maabara?

Mtoto wa miaka mitatu amepakatwa na mama yake kwenye benchi la zahanati, Kongwa, mkoani Dodoma. Matongotongo yamekauka pembeni mwa jicho na nzi hawabanduki usoni. Muuguzi anamtuliza, anashika kope la juu, analivuta kidogo, analipindua. Kwa lenzi inayokuza mara mbili na nusu anahesabu vijipele vyeupe. Vikifika vitano, kila kimoja kisipungue nusu milimita, hiyo ni trakoma hai, ambayo wengi tunaiita vikope. Utaratibu huo wa Shirika la Afya Duniani ni wa mwaka 1987, na hadi leo ndio unaoamua wilaya ipi igawiwe dawa.

Mimi naupenda. Lenzi haihitaji umeme, jokofu wala kemikali. Siku hizi kuna hata Arclight, kifaa cha kuchunguzia macho kinachoingia mfukoni na kuchajiwa kwa jua, na kwa vijiji vya Ugogo jua ndicho kitu kisichoadimika. Muuguzi anapata jibu mama akiwa bado amekaa hapo.

Ila jicho la muuguzi linaona vipele, halioni kimelea. Mtoto akimeza dawa yenyewe, azithromycin, bakteria Chlamydia trachomatis anaweza kuwa amekwisha huku vipele vikidumu miezi kadhaa. Mwingine kope lake ni laini kabisa, naye anaambukiza wenzake. Ugonjwa ukiwa umejaa, kasoro hiyo haiumizi sana: watoto wa mwaka 1 hadi 9 wenye vipele wakifika asilimia 30, wilaya nzima inapewa dawa kila mwaka kwa miaka mitano, na kosa la mtoto mmoja mmoja halibadili uamuzi. Shida inaanza karibu na asilimia 5, maana juu kidogo ya hapo dawa inagawiwa, chini ya hapo haigawiwi. Na kuna jambo linalonisumbua zaidi. Kadiri vikope vinavyopungua, ndivyo wakaguzi wapya wanavyokosa wagonjwa wa kujifunzia. Utamfundishaje mtu kutambua kitu ambacho hajawahi kukiona kwenye kope la mtoto halisi?

Ndiyo maana wanaotetea maabara nawaelewa. Kijiti cha pamba kikipitishwa ndani ya kope, kipimo cha vinasaba kinasema kama kimelea yupo. Mashine za kipimo hicho, GeneXpert, tunazo tayari kwa ajili ya kifua kikuu. Lakini kila sampuli inakula katriji yake, kikopo cha kipimo kinachotumika mara moja tu, na mgonjwa wa TB naye yuko kwenye foleni. Upo ujanja wa kuchanganya sampuli za watoto watano na kuzipima kwa pamoja: kundi lisipoonyesha kitu, umeokoa katriji nne. Tone la damu lililokaushwa kwenye karatasi nalo linaonyesha kingamwili, kinga ambayo mwili umetengeneza dhidi ya kimelea huyo. Likionyesha kwa mtoto wa miaka miwili, ni dalili kwamba maambukizi hayajakoma kijijini, ingawa halikuambii kama leo anaumwa.

Kwa hiyo sioni sababu ya kupeleka mashine zahanati. Hapo iachwe lenzi, na fedha ziende kwenye mikono inayoishika. Vijiti vya pamba vitumike kwenye tafiti za wilaya zilizokaribia ile asilimia 5, sampuli zisafirishwe hadi mjini Dodoma. Picha za simu nazikubali kwa mafunzo na kwa kuomba jicho la pili, maana picha hutazamwa tena na mtaalamu aliye mbali. Kope lisipopinduliwa sawasawa, picha nayo haifai kitu, na kupindua kope hakuna simu inayokufanyia.

Halafu kuna bibi ambaye mjadala huu wote unampita. Maambukizi ya utotoni, mwaka baada ya mwaka, yameacha makovu, kope zimejikunja ndani na nywele zake zinakwaruza mboni kila akipepesa. Wanaofika hapo wengi ni wanawake, waliolea watoto wenye matongotongo maisha yao yote. Kwenye pindo la khanga yake amefunga kibanio cha kung'olea nywele hizo. Kumtambua kunahitaji tochi ya simu na dakika moja. Baada ya hapo anachosubiri ni tarehe ya upasuaji, na nauli.