Usaliti Ukivikwa Vazi la Tanzia

Mwanafalsafa Aristotle, alipoifafanua tanzia ya Wagiriki, alieleza kwamba adui akimuua adui hatutikisiki sana. Kinachotuumiza ni ndugu kumwangamiza ndugu. Kikulacho ki nguoni mwako, na ndiyo sababu watunzi wa kisasa wanaotaka kuandika juu ya usaliti hurudi Ugiriki ya kale. Swali ni kama umbo hilo linamfichua msaliti au linamtafutia udhuru.

Hoja ya udhuru ina uzito, kwa kuwa tanzia huja na majaaliwa yake, na ni vigumu kumhukumu mtu aliyesukumwa na kudura. Katika tamthilia ya Arthur Miller, A View from the Bridge (1955), Eddie Carbone, kuli wa bandarini Brooklyn, anawaripoti kwa idara ya uhamiaji binamu wa mkewe aliowahifadhi nyumbani mwake, kwa sababu mmoja wao anapendana na msichana ambaye Eddie amemlea na anamtamani bila kukiri. Wakili Alfieri, anayeshika nafasi ya korasi, lile kundi linalotazama na kusimulia matukio katika tanzia ya Kigiriki, anatuambia tangu mwanzo kwamba hakuweza kuizuia damu isimwagike.

Hata hivyo, udhuru huo haunishawishi. Oedipus, mfalme katika tanzia ya Kigiriki ya Sophocles, alimuua babake bila kumjua, Eddie anajua. Mapema kabisa ni yeye anayetaka msichana huyo asimuliwe kisa cha kijana aliyemripoti mjomba wake, akaburutwa ngazini na familia yake mwenyewe. Kisha Marco, mmoja wa aliowasaliti, anapomtemea mate usoni mbele ya majirani, Eddie hawalilii aliowadhuru. Anadai arudishiwe jina lake. Hapo urithi wa Wagiriki unafanya kazi yake halisi, kwani korasi ni jamii inayoshuhudia, na mbele ya mashahidi majaaliwa hayafuti hatia.

Mtunzi Eugene O'Neill, aliyeihamishia hadithi ya Agamemnon, mfalme wa Kigiriki aliyeuawa na mkewe, Marekani mwaka 1931 katika tamthilia ya Mourning Becomes Electra, aliweka maradhi ya nafsi yanayorithiwa mahali pa miungu, na kwangu hapo udhuru unakaribia kushinda. Unazuiwa na Lavinia peke yake, binti wa ukoo unaosimuliwa humo: ukoo wake ukishateketea, anajifungia ndani ya nyumba yao kwa maisha yake yote, kwa kuwa hajabaki mwingine wa kumwadhibu.