GIMP: dirisha moja au madirisha mengi?

Kwenye steshenari nyingi za Mwanjelwa, Mbeya, laptop ya kuhariri picha ndiyo hiyo hiyo ya kuchapa barua, na kioo cha pikseli 1366 kwa 768 bado ni cha kawaida. Kwa kioo cha aina hiyo, ubishi wa kama GIMP, programu ya kuhariri picha, itumike kwa dirisha moja au madirisha mengi unaamuliwa na vipimo.

Zamani GIMP ilifunguka vipande vipande: sanduku la zana kivyake, orodha ya matabaka ya picha (layers) kivyake, kila picha na dirisha lake. Toleo la 2.8, mwaka 2012, lilileta dirisha moja kwa anayelitaka, 2.10, mwaka 2018, likalifanya ndilo la kuanzia.

Vibao viwili vya pembeni vikila pikseli 250 kila kimoja, picha inabakiwa na 866 kwa upana. Paspoti saizi ya milimita 35 kwa 45, kwa dpi 300 (nukta 300 kwa kila inchi), ni pikseli 413 kwa 531. Inaenea katika asilimia 100 bila kufunikwa. Kwenye madirisha mengi sanduku la zana linaelea juu ya uso wa mteja, ukilisogeza linafunika bega. Hapo dirisha moja linashinda. Kero yake ni kitufe cha Tab: mwanafunzi akikigusa vibao vyote vinatoweka, anadhani programu imeharibika. Akibonyeze tena, basi.

Anayesafisha nyuso za picha za harusi ana hesabu nyingine. Kwenye menyu ya View kuna New View, inayoonyesha picha ile ile mara ya pili. Weka onyesho moja asilimia 400, jingine 100, ubavu kwa ubavu. Brashi ikigusa huku, kule kunabadilika papo hapo, maana si nakala. Ukibaki kwenye 400 peke yake, kila kitundu cha ngozi kinaonekana kosa. Unalainisha, unalainisha, ukirudi 100 bwana harusi kawa sanamu la dukani. Dirisha moja linaligeuza onyesho la pili kuwa kichupo, kwa hiyo huwezi kuyatazama yote kwa pamoja.

Madirisha mengi nayo yana mtego: ukichomoa skrini ya pili, vibao vinaweza kubaki nje ya kioo. Nenda Edit, Preferences, Interface, Window Management, rudisha mahali pa madirisha kama mwanzo, kisha funga programu na uifungue upya.

Kubadili mtindo hakudai hata kufunga picha: menyu ya Windows, Single-Window Mode. Laptop ya steshenari iachwe na alama ya tiki hapo mchana kutwa. Itolewe jioni, foleni ikiisha na albamu ya harusi ikibaki.