Kwa Nini Mmoja Anaamini na Mwingine Anakataa? Enzi ya Mungu na Hiari ya Mwanadamu katika Wokovu

Katika sura ya 13 ya Matendo ya Mitume, Luka anasimulia mahubiri ya Paulo na Barnaba huko Antiokia ya Pisidia, na matokeo yake anayaeleza kwa namna mbili ambazo msomaji wa haraka huzipita bila kushtuka. Katika aya ya 46, Paulo na Barnaba wanawaambia waliowapinga kwamba wamelisukumia mbali neno la Mungu na kujiona hawastahili uzima wa milele; lawama yote iko juu yao. Aya mbili mbele, Luka anapowataja walioamini, hasemi kwamba hao walikuwa wasikivu zaidi au wanyenyekevu zaidi, bali kwamba waliokuwa wamekusudiwa uzima wa milele ndio walioamini. Waliokataa walikataa wenyewe. Walioamini walikuwa wamekusudiwa. Luka hasimami kueleza mambo hayo mawili yanakaaje pamoja, na Kanisa limekaa karne nyingi likijaribu kulieleza jambo ambalo yeye aliliacha.

Mabishano juu ya jambo hili huharibika mara nyingi tangu mwanzo, kwa sababu swali huwekwa mahali pasipo pake. Hakuna tawi kubwa la Ukristo linalokana kwamba Mungu ndiye mwenye enzi, wala linalofundisha kwamba mwanadamu ni gogo lisilo na utashi. Swali lenyewe ni dogo kuliko hayo na gumu kuliko hayo: watu wawili wanapoketi pamoja wakisikia Injili ile ile kutoka kinywa kile kile, mmoja akatubu na mwingine akaondoka kama alivyokuja, tofauti kati yao imetoka wapi? Ukijibu kwamba imetoka kwa Mungu, itakubidi ueleze kwa nini yule wa pili analaumiwa. Ukijibu kwamba imetoka kwao wenyewe, itakubidi ueleze kwa nini yule wa kwanza asijisifu.

Swali hili liliwaka mwanzoni mwa karne ya 5. Augustino, askofu wa Hippo katika Afrika ya Kaskazini, alikuwa ameandika sala ya kumwomba Mungu ampe kile anachomwamuru, kisha amwamuru lolote apendalo. Pelagius, mwalimu aliyesifika kwa maisha ya kujinyima, alichukizwa na sala hiyo, kwa kuwa aliona inawapa wavivu wa roho kisingizio: kama hata utii ni wa kupewa, nani atalaumiwa kwa kutotii? Hofu yake haikuwa ya kipuuzi, na mchungaji yeyote aliyewahi kumsikia mtu akisema kwamba atatubu Mungu atakapotaka anaijua hofu hiyo. Lakini Pelagius alivuka mpaka alipofundisha kwamba mwanadamu anaweza kuzitimiza amri za Mungu kwa uwezo wa maumbile yake. Mtaguso, yaani baraza la maaskofu, wa Karthago wa mwaka 418 uliyakataa mafundisho hayo, na mtaguso wa Efeso wa mwaka 431 ukaunga mkono hukumu hiyo. Mwaka 529, mtaguso mdogo wa Orange, kusini mwa Ufaransa ya leo, ukaongeza kwamba hata mwanzo wa imani, yaani ile hamu ya kwanza kabisa ya kumwendea Mungu, ni kazi ya neema. Papo hapo maaskofu wale wale wakakana kwa maneno makali kwamba Mungu amemkusudia mtu yeyote uovu.

Naona uamuzi huo wa Orange una uzito kuliko unavyokumbukwa, kwa sababu uliziweka pande mbili za mizani bila kuzilazimisha zilingane. Wema unaanzia kwa Mungu. Uovu hauanzii kwake. Mengi yaliyofuata yamekuwa majaribio ya kuizidi kauli hiyo kwa usahihi wa hoja. Mwaka 1524 Erasmus, msomi wa Kikatoliki, aliandika kuitetea hiari, akiuliza amri za Mungu zina maana gani iwapo anayeamriwa hana uwezo wa kutii, na mwaka uliofuata Martin Luther akamjibu kwamba amri hutolewa ili mtu auone udhaifu wake. Katika jibu hilo Luther alimshukuru mpinzani wake kwa kuacha habari za Papa na toharani na kuligusa koo la jambo lenyewe.

Ugomvi unaokumbukwa zaidi na Waprotestanti ni ule wa Uholanzi. Mwanatheolojia Jacobus Arminius alifariki mwaka 1609, na mwaka 1610 wachungaji waliomfuata waliwasilisha hoja tano za kupinga namna uchaguzi wa Mungu, yaani kuwateua kwake watakaookolewa, ulivyokuwa ukifundishwa. Sinodi, yaani baraza la kanisa, iliyokutana Dordrecht mwaka 1618 hadi 1619 ilizikataa zote, na wachungaji wengi walioshikamana nazo wakaondolewa katika huduma. Leo kila upande una picha ya mwenzake iliyochorwa kwa uhasama, na inafaa kuirekebisha. Wafuasi wa Arminius hawakusema kwamba mwanadamu anajiokoa, wala kwamba anaweza kumwendea Mungu kwa nguvu zake. Hoja yao ya tatu inakiri wazi kwamba mtu hana imani iokoayo kutoka kwake mwenyewe na kwamba ni lazima azaliwe upya. Walichokana ni kwamba neema hiyo haiwezi kupingwa. Sinodi nayo haikufundisha kwamba Mungu huwaburuta watu. Kanuni zake zinasema neema haiwatendei watu kana kwamba ni mawe na magogo, wala haiondoi utashi, bali huuhuisha na kuuponya. Anayewaita Wakalvini wote, yaani wafuasi wa mafundisho ya John Calvin ambayo sinodi iliyatetea, waumini wa majaliwa yasiyo na moyo, au anayewaita wafuasi wote wa Arminius watoto wa Pelagius, hajawasoma.

Hoja nzito kuliko zote za Wakalvini, kwa maoni yangu, si Warumi 9, ambapo Paulo anasema Mungu alimchagua Yakobo badala ya Esau, bali ni swali lake kwa Wakorintho: una nini usichokipokea? Ukimwuliza Mkristo aliyeokoka kwa nini yeye aliamini na ndugu yake hakuamini, atathubutu kusema mbele za Mungu kwamba alikuwa na busara zaidi kidogo kuliko ndugu yake, au moyo laini zaidi kidogo? Karibu kila muumini, awe wa kanisa gani, akipiga magoti hushukuru kwa kuamini kwake kama anavyoshukuru kwa kufa kwa Kristo, na kila mmoja anapomwombea mtu asiyeamini humwomba Mungu augeuze moyo wa mtu huyo, wala hamwombi akae kando angoje mtu huyo aamue. Sala huwa imeshachukua msimamo kabla ya theolojia.

Jibu la upande wa pili lina nguvu yake. Ombaomba anayenyosha mkono kupokea mkate hajisifu kwa kunyosha mkono; heshima yote ni ya aliyetoa. Kupokea hakuna stahili, na imani ni kupokea. Nakubali kwamba jibu hili linaondoa majivuno ya waziwazi. Halijibu, hata hivyo, swali lililoulizwa, yaani kwa nini ombaomba mmoja alinyosha mkono na mwingine, mwenye njaa ile ile, aliukunja. John Wesley, mwanzilishi wa Wamethodisti, alijua ugumu huo, ndiyo maana alisisitiza neema inayotangulia, ambayo humpa kila mtu uwezo wa kuitikia. Lakini kama wote wamepewa uwezo huo, basi tofauti ya mwisho inarudi tena mikononi mwa mwanadamu.

Gharama ya upande wa Kalvini ni kubwa pia, na wanaoitetea wasiifiche. Yesu anaulilia Yerusalemu akisema mara nyingi alitaka kuwakusanya watoto wake kama kuku akusanyavyo vifaranga, nao hawakutaka. Barua ya kwanza kwa Timotheo inasema Mungu anataka watu wote waokolewe. Wakalvini husoma hapo watu wa kila namna, na muktadha unawasaidia kidogo, kwa kuwa Paulo ametoka kutaja wafalme na wenye mamlaka. Lakini aya mbili baadaye Kristo anajitoa kuwa ukombozi kwa ajili ya wote, na neno hilo likizidi kubanwa linaanza kulalamika. Wengine husema Mungu ana mapenzi yaliyofunuliwa na mapenzi yaliyofichwa. Huenda ni kweli, ila ikisemwa kwa wepesi humfanya msikilizaji ajiulize juu ya mwaliko wa Injili: je, huyu anayenialika ananitaka kweli? Swali hilo Wesley alilipigia kelele katika mahubiri ya mwaka 1739, na rafiki yake George Whitefield, aliyekuwa Mkalvini, alihuzunishwa sana na mahubiri hayo. Wawili hao walitengana kwa muda, ingawa Wesley ndiye aliyehubiri katika ibada ya kumkumbuka Whitefield alipofariki mwaka 1770.

Na Warumi 9 je? Wakalvini huonyesha kwamba Paulo anamwazia mtu anayeuliza mbona Mungu angali akilaumu, na ulizo hilo lisingezuka kama fundisho lake lisingekuwa gumu kiasi hicho. Upande wa pili hujibu kwamba Yakobo na Esau hapo ni mataifa na nafasi zao katika historia, na kwamba mwisho wa sura ya 10 Mungu yule yule amenyosha mikono mchana kutwa kwa watu wasiotii. Nimezisoma sura hizo mara nyingi, na bado naona hoja ya kwanza ni nzito, lakini mikono ile iliyonyoshwa hainiruhusu kuifunga sura ya 9 peke yake.

Kuna mahali pengine ambapo naona Maandiko yanatufundisha namna ya kuwaza jambo hili, nako ni baharini. Katika Matendo 27, merikebu iliyombeba Paulo mfungwa imepigwa na dhoruba siku nyingi. Malaika anamwambia kwamba Mungu amempa wote wanaosafiri naye, naye anawatangazia kwamba hakuna atakayepoteza uhai. Usiku wa 14, mabaharia wanashusha mashua kwa kisingizio cha kutupa nanga za omo, kumbe wanataka kutoroka. Paulo anamwambia akida na askari: hawa wasipokaa merikebuni, ninyi hamwezi kuokoka. Askari wanakata kamba, mashua inaanguka. Kulipokucha watu wote 276 wakafika pwani, wengine wakiogelea, wengine juu ya mbao. Mtu aliyekuwa na ahadi isiyo na sharti ndiye aliyetamka sharti, tena bila kusitasita. Kwake kamba iliyokatwa haikuongezwa juu ya ahadi ya Mungu kana kwamba ahadi ilipungukiwa. Ilikuwa njia ambayo ahadi ilipitia. Mfano huu una mpaka wake, kwa sababu unahusu miili na si mioyo, lakini unavunja dhana iliyoharibu mjadala wote, kwamba kazi ya Mungu na kazi ya mtu ni mkate mmoja wa kugawana, hata huyu akichukua kipande kikubwa yule abaki na kidogo.

Pia Injili ya Yohana hutaja kutokuweza na kutotaka karibu karibu. Katika sura ya 5 Yesu anasema, hamtaki kuja kwangu. Katika sura ya 6 anasema hakuna awezaye kuja asipovutwa na Baba. Nadhani hayo ni maelezo ya ugonjwa mmoja: mtu hawezi kwa sababu hataki, na kutotaka kwake ni kwake mwenyewe kabisa. Ndiyo maana analaumiwa, na ndiyo maana hawezi kujiponya.

Kwa hiyo nasimama karibu na Orange: kuamini kwangu kumetoka kwa Mungu, na kukataa kwangu, kila nilipokataa, kulikuwa kwangu. Najua mkosoaji atasema kwamba kama neema ndiyo iletayo tofauti, basi kukosekana kwake ndiko kunakoeleza kukataa. Sina jibu linalomtosheleza, nami naona afadhali nibaki na ugumu huo kuliko kuuondoa kwa kumnyang'anya Mungu sifa au kumpa lawama. Huko Filipi, Paulo aliketi kando ya mto akazungumza na wanawake waliokusanyika, na mmoja wao alikuwa Lidia, muuza rangi ya zambarau kutoka Thiatira. Luka anaandika kwamba Bwana aliufungua moyo wake. Kisha, alipokwisha kubatizwa, mwanamke huyo aliyefunguliwa moyo aliwaambia Paulo na wenzake waingie nyumbani mwake wakae, akawashurutisha.