Presha imeshuka, mama: je, maneno hayo yanatosha?

Mama wa miaka 60 anapofika kliniki ya presha hapa Tanga, muuguzi wa rika la mwanawe humwamkia shikamoo, humpima, kisha humwambia, "Presha imeshuka, mama, usiwe na wasiwasi." Maneno hayo yana uungwana, na wahudumu wanaoyatetea wana hoja nzito: mgonjwa aliyetajiwa kiharusi, figo na moyo katika dakika chache za kumwona daktari hutoka na hofu tupu, na mwenye hofu huweza kuikimbia hata kliniki yenyewe. Siwezi kuipuuza hoja hiyo, kwa sababu foleni ni ndefu, na habari nzito isiyopewa nafasi ya maswali humwelemea mtu akiwa peke yake nyumbani.

Hata hivyo, "imeshuka" huingia masikioni mwa wengi kama "umepona". Presha ya kupanda kwa kawaida haina maumivu. Mtu huweza kuwa na 170/100 na bado akaenda zake sokoni Ngamiani, na kipimo cha anayetumia dawa kikishuka chini ya 140/90, mara nyingi ni dawa inayofanya kazi, si ugonjwa ulioondoka. Asiyeelezwa hilo akiacha vidonge, tusimwite mkaidi, kwani amefuata alichosikia.

Mvutano huu kati ya kumtuliza mgonjwa na kumweleza yote huwa mkali zaidi kwenye maudhi ya dawa. Amlodipini, kwa mfano, ambayo ni dawa ya presha, huweza kuvimbisha miguu kwenye vifundo. Wapo wanaoona kwamba kulitaja jambo hilo mapema ni kumpa mgonjwa sababu ya kuikataa dawa, na ni kweli kwamba anayetarajia udhia huweza kuuhisi hata usipokuwepo. Lakini asiyeambiwa chochote akiamka miguu imejaa, atadhani figo zimeharibika, au jirani atamwambia hivyo, naye ataacha dawa kimyakimya. Kwa maoni yangu, linalomtuliza mgonjwa kuliko yote ni kujua la kufanya: "Miguu ikijaa, usiache dawa wala usingoje tarehe yako, njoo tuitazame, dawa inaweza kupunguzwa au kubadilishwa." Hapo ameambiwa ukweli, na hakuachwa nao peke yake.

Wanaotetea uwazi nao wana jambo wasilolitazama vya kutosha, nalo ni kwamba lugha iliyo wazi kwa mtaalamu huenda isiwe wazi kwa anayemsikiliza. Tumezoea kuandika "kutwa mara tatu" juu ya bahasha ya vidonge, ilhali kutwa, kwa mzee anayekijua Kiswahili chake, ni tangu asubuhi hadi jioni, hivyo huweza kumeza vyote vitatu kabla ya magharibi. Ukimwandikia antibiotiki ukamwambia "kila saa 8", huenda akameza kidonge kimoja tu kwa siku, saa 8 mchana, akiamini ametii. Kosa hili halirekebishwi kwa kuongeza maelezo ya kitaalamu. Muuguzi anayesema "saa 12 asubuhi, saa 8 mchana na saa 4 usiku unapokwenda kulala", kisha akamwomba mama ayarudie kwa kinywa chake, hutumia muda mfupi tu, na mwanawe aliyemsindikiza huwa ameyasikia pia.