Mwanamme wa Kwenye Televisheni

Mwanangu wa kiume kagoma kwenda sokoni Darajani. Ingekuwa uvivu ningeujulia dawa, lakini anasema kikapu ni cha wanawake. Nani kakwambia? "Kwenye matangazo, baba, wanaonunua vitu wote akina mama."

Basi na mie nikakaa nikayatizama. Loo! Mama ananunua, mama anapika, mama anafua, tena akiona doa anacheka mpaka unamwonea wasiwasi. Baba yeye anaingia na tai shingoni, anaonja mchuzi, anafumba macho. Bei ya tungule haijui.

Yakhe, Unguja niliyokulia mie sokoni walikwenda wanaume. Fika mnada wa samaki asubuhi: mzee mzima na kofia yake ya kiua kainama, anamfunua changu shavu aone kama bado jekundu. Babu yangu akirudi na bamia zilizokomaa, bibi anamgeuza na kikapu chake hukohuko mlangoni. Mwanamme akipimwa kwa bamia! Leo anapimwa kwa tai, na joto hili.

Lingine la dawa ya meno. Daktari mwanamme, koti jeupe, miwani, anatupa somo. Sawa. Lakini mwani unaoanikwa Paje na Jambiani, ukisafirishwa nje hutolewa karajinani, kitu kinachotiwa kwenye dawa za meno ziwe nzito zisichuruzike. Wanaoulima wengi ni wanawake, tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, miguu kwenye maji ya chumvi, mgongo juani. Hao kwenye tangazo hawapo. Yupo mwenye koti, ambaye hata kupwa na kujaa sidhani kama anakujua.

Redioni ndiyo usiseme. Mwaka 1928 Siti binti Saad, mtoto wa Fumba aliyekuwa akiuza vyungu, alivuka bahari mpaka Bombay kurekodi santuri, zikasikilizwa pwani nzima. Leo mwanamke wa tangazo la redio kazi yake kuuliza, "Kweli, mume wangu?" Kisha mume anaeleza habari za mkopo wa benki. Na rais wa nchi tangu Machi 2021 ni mwanamke, tena wa hapahapa Unguja! Huyo naye huwa anauliza, "Kweli, mume wangu?"

Nisije nikaonekana nawatetea wanawake peke yao, na sie tunaonewa. Zile tamthilia za Kituruki zilizotiwa Kiswahili zimeniharibia nyumba. Mwanamme wa mle hasemi. Ana hasira, ana gari, anasimama ufukweni anaikodolea bahari kipindi kizima, na mke wangu analia kwa huruma. Hapa kwetu hebu isimamie bahari hivyo uone, watu watakuja kukuuliza chombo gani kimechelewa. Mie nikinyamaza naambiwa nimenuna.

Halafu yale matangazo ya dawa za nguvu za kiume. Niko kwenye daladala, kushoto mkwe wangu, mama mtu mzima na buibui lake, spika juu ya vichwa vyetu: "Je, wewe mwanamme, umechoka mapema?" Gari zima wanaume tukaanza kuvitazama viatu vyetu. Mkwe akanigeukia taratibu. Nikamwambia mie nashuka hapa. Nyumbani bado mbali.

Lakini lililonimaliza ni la juzi, harusi ya jirani. Nyie mnajua pilau ya shughuli hupikwa na wanaume, nje, kwenye masufuria mtu anaweza kuoga ndani, mwiko kama kasia. Wakatokea vijana wa kamera, wanatafuta picha za tangazo la viungo. Wakaupenda moto, wakalipenda sufuria, mpishi hawakumtaka. Wakamweka pembeni, wakaleta binti kapakwa poda, akabidhiwe mwiko atabasamu. Binti wa watu mwiko haukumnyanyukia. Huku wanamrekebisha mtandio, huku pilau inashika ukoko, huku mjomba wa bwana harusi anauliza kwa sauti mchele huu atalipa nani.

Mpishi akaomba basi, angalau uonekane mkono wake ukikoroga, uso wabakie na binti. Wakaushika ule mkono, wakaugeuzageuza kwenye mwanga, wakarudi na jawabu kwamba haufai, una nywele.