Suruali Sikuvua

Nimeamka nakuta ujumbe sitini na kitu, kwa hiyo swahiba wangu kashawasimulia yaliyonikuta juzi shambani, eti nikavua mpaka suruali. Haya. Ila suruali sikuvua. Niliikunja tu, mpaka magotini.

Mnajua kundi letu la picha za mimea na wanyama. Yule wa Pemba kila siku hututambia popo wake wa Kidike, na miye mtoto wa Mji Mkongwe sijawahi kutuma hata mjusi wa maana. Ndiyo juzi tukaenda kwenye mashamba ya kusini ya msitu wa Jozani, hapa Unguja, kutafuta kima punju, wale kima wekundu wa kwetu.

Kima hatujawaona bado, nikaona mmea umetambaa kwenye uzio. Maganda yake ya rangi ya dhahabu, yamejaa manyoya. Nikachuma moja. "Tazama, laini kama mahameli! Hii adimu hii." Swahiba akarudi nyuma hatua mbili. (Kazaliwa shamba yule. Alijua, akanyamaza, akawasha kamera.)

Nikalipitisha shavuni. Taratibu. Nikashuka nalo shingoni, nimefumba macho, wallahi kama tangazo la sabuni. Kwanza raha. Kisha kama sisimizi mmoja kapita. Halafu ukaja ukoo mzima wa siafu na mashemeji zao. Nikajikuna shingo kwa mkono uleule. Kisha tumbo. Kisha… nyie msiulize. Nikajimwagia maji ya chupa, ndiyo kwanza moto ukakolea. Shati likaenda. Nikawa naruka kwa mguu mmoja, sijui mwingine niliupeleka wapi.

Bibi mmoja akapita na kuni kichwani.

"Shikamoo bibi, nakufa!"

"Marahaba. Mwanangu, mtu mzima na ndevu zako, huujui upupu?"

Akanipeleka kwenye tanuri la makaa, akanisugua majivu mwili mzima kama anasugua sufuria. Nikapoa kidogo.

Sasa, kima punju hula makaa. Husemekana humaliza sumu ya majani ya mkungu na mwembe wanayokula. Basi ndiyo wakashuka, watano. Mmoja akanitazama juu mpaka chini, akanyoosha mkono wake usio na gumba, akaokota kipande cha kaa karibu na mguu wangu, akakaa anatafuna huku ananiangalia.

Swahiba akapiga picha, akaituma. Kima katoka safi kabisa.

Wa Pemba kauliza yule mnyama wa kijivu nyuma yake ni wa jamii gani.